Haifiki Senti

Januari, Winnipeg. Nyuzi thelathini chini ya sifuri,
theluji imelimeza gari hadi vioo,
na mume wangu Orest, fundi bati mstaafu,
yuko jikoni, penseli sikioni,
anataka kujua pointi moja ni senti ngapi.

Miaka sita tumelipa kila kitu kwa kadi ile:
viazi, mafuta, dawa za presha,
meno yangu mawili ya nyuma,
jeneza la mjomba Petro.
Haba na haba, sawa,
lakini kibaba chenyewe nani alikipima?

Benki imeandika kwa wino mzito: elfu sitini.
Elfu sitini! Ukiitamka kwa sauti
hata birika linanyamaza.

Ila Orest hajawahi kuliamini bati kabla ya kulipima.
Tiketi ya Halifax, kwenda na kurudi,
kwa fedha taslimu, dola mia saba na kumi.
Kwa pointi: toa zote,
na bado kodi na ada za uwanja,
mia moja na kumi na nane, toka mfukoni.
Ondoa. Mia tano tisini na mbili.
Gawa kwa elfu sitini.

Penseli inasimama.
"Verna," anasema, "haifiki senti."

Haifiki senti,
senti ambayo nchi hii iliacha kuitengeneza
kwa kuwa kuitengeneza kulizidi thamani yake.

Nami nina la kuongeza, naliongeza:
ada ya kadi, mia moja thelathini na tisa kila mwaka, mara sita.
Tumelipa mia nane na ushei
kupewa mia tano na ushei,
tukaita bure.
Sijaigusa mashine ya kukandia unga,
tuliyoinunua wiki ile ya pointi maradufu;
ingali ndani ya boksi, chini ya ngazi.

"Lakini Garth," anajitetea,
"alilala chali angani hadi Vienna.
Kiti kile ni dola elfu tano.
Anasema kila pointi yake ilizaa senti saba."
"Garth angetoa elfu tano zake?"
"Garth? Garth huosha mifuko ya plastiki aitumie tena."
"Basi hakuokoa elfu tano.
Bei usiyoweza kuilipa si bei yako,
ni ya watu wengine."

Mali bila daftari hupotea bila habari,
kwa hiyo nikaivuta droo,
nikapekua taarifa za benki moja baada ya nyingine,
mwaka huu, mwaka jana, juzi,
hadi Januari ya mwaka wa tatu:
pointi elfu thelathini na nane.
Na pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe,
Halifax, elfu thelathini na tano.

"Orest. Zilitosha."

Hakujibu. Jokofu likajibu kwa mngurumo wake.

Halifax yuko Stefka, dada yake,
aliyechukua cherehani ya mama yao bila kuuliza,
akaambiwa neno ambalo sitaliandika hapa.
Kila Krismasi nilimuuliza: tutakwenda lini?
Kila Krismasi: pointi zikitimia.

Nikakichukua kikokotoo.
Miaka mitatu, kwa dakika, gawa kwa elfu sitini.
Dakika ishirini na sita.
Hiyo ndiyo thamani yake halisi, mume wangu:
kila pointi ilikununulia
dakika ishirini na sita za kutokwenda.
Hakuna benki inayolipa hivyo.

Anachonga penseli isiyohitaji kuchongwa.
Vumbi la risasi linaangukia juu ya ile mia tano tisini na mbili.
"Halifax," anasema, bila kuniangalia,
"saa hizi ni saa ngapi?"
"Wametutangulia saa mbili."
"Atakuwa hajalala."
"Hajalala."

Ananiomba namba ya dada yake.
Anaijua.
Namtajia, tarakimu moja moja.