Viini

Sista Leokadia alinisomea jikoni, Kayenze,
mikono yangu imo tumboni mwa sato:
watawa wa Ureno walikaza shela zao
kwa ute wa mayai.
Viini vikabaki. Beseni kwa beseni, njano tupu.
Ndipo wakabuni vitamu vyao.

“Na sisi?”
Sisi tunatia wanga wa muhogo, akasema.
Muhogo haubakizi cha njano.

Kwingine huko, wamonaki waliuingiza mto hadi jikoni.
Nikachungulia ziwa dirishani.
Ngazi arobaini na moja, ndoo kichwani:
mto wetu ni shingo yangu.

Kisha serikali yao ikapiga marufuku.
Asiingie mnovisi mpya;
mtawa wa mwisho akizikwa, nyumba ifungwe.
Hapo Sista akanyamaza. Kwetu wamebaki watatu.

“Na vile vitamu?”
Vilitokea mlango wa nyuma, akasema,
na wapishi.

Meza, eti, nalo ni neno lao.
Niliifuta magamba, nikavunja mayai sita.
Ute nikauweka kando, wa shela yake ya Jumapili.
Viini nikavitazama.
Sukari ilikuwa robo.