Safu ya Kumi na Nne

Kikanza huzimwa saa kumi na mbili jioni
kubana matumizi. Tangazo lile niliandika mimi.
Sofia, Februari: nimevaa koti ofisini
nahesabu ndege za kivita.

Daftari linasema kumi na moja.
Kaka yangu Radoi, fundi wa kiwanjani, anasema nne.
"Hizo saba," aliniambia kwa simu, "ni ghala lenye mabawa.
Ya tatu nimeing'oa pampu nikaipa ya sita,
ya sita imevaa gurudumu la tisa,
na ya tisa, Zhivka, ya tisa
shomoro wametaga ndani."
Ndege ndani ya ndege. Nimeandika pembeni, kwa penseli.

Waziri anataka mpya, nane.
Muuzaji alileta kielelezo cha plastiki,
na wajumbe wa kamati, watu wazima wenye wajukuu,
wakapokezana kukirusha kwa mkono,
midomo ikivuma.
Bei ya matairi hakuna aliyeuliza.

Niliuliza mimi.
Bei ya ndege si bei ya kuruka.
Lami ya njia imepasuka,
banda ni fupi, mkia utabaki nje kwenye theluji,
na vitabu vya fundi vimeandikwa lugha asiyoijua Radoi.
Ana miaka hamsini na saba.
Mikono yake ndiyo inayosoma.

Basi nachovya:
kidogo kwenye barabara za kaskazini,
kidogo kwenye wodi ya wazazi, ambayo paa lake
liliahidiwa mwaka juzi. Kwa mkono wangu.
Chovya chovya humaliza buyu la asali,
na buyu hili halikuwa na asali nyingi.

Ningekataa kusaini.
Lakini Oktoba injini ilizima juu ya mashamba ya alizeti,
Kapteni Ognyan akashuka kwa mwavuli, nyonga ikavunjika.
Mama yake alikuja hapa. Hakupiga kelele.
Aliuliza tu choo kiko wapi,
akakaa humo muda mrefu.

Saa nane usiku.
Safu ya kumi na nne: matairi, vipuri, lami.
Wakianza kukata, wataanzia hapo. Nawajua.
Kwa hiyo nimeiandika mara mbili, kwa majina mawili,
kama mama alivyotuficha sukari
nyuma ya chumvi.

La pili nimeliita "heshima ya taifa".
Tuone nani ataligusa.