Kuizunguka Sufra

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Ibra, mlima huu huitwa Sufra,
kwa kuwa juu umekatwa sawasawa
kama uliotandikiwa wageni
ambao hawajafika.
Bibi yangu Rayya, mzaliwa wa Wete,
aliutazama mara moja tu kwa dirisha la jikoni
akasema: hilo busati.
Basi nyumbani likabaki Busati.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri.
Nyota moja bado juu ya mnara wa simu.
Kaka yangu Thuwaini kabaki garini,
kiti kakilaza, redio chini chini.
"Njia iko wapi?"
Nikamwonyesha ukingo kwa kidevu.
"Hiyo si njia."
"Ndiyo maana."

Nyayo za mbuzi zilinisindikiza
mpaka mkunazi wa mwisho,
kisha zikaona haya, zikarudi.
Nikapanda kwa viganja na magoti.

Juu hapana kivuli. Kuna mawe
makali kama vigae vya chungu,
na baina ya mawe, mawe mengine.
Nikaiweka hewa mkono wa kushoto
nikaanza kukimbia.
Huku mbio si mbio, ni kuchagua:
hapa, hapa, hapana, hapa —
jicho latangulia hatua tatu,
mwili wafuata nyuma kama mdai.

Sijui kilomita ya ngapi nilikanyaga chaza.
Chaza hasa, wa jiwe, mdomo wazi,
na konokono wa pwani, na makombe,
wamegandia mwambani, mbali na chumvi yoyote.
Nikainama, nikamlamba mmoja.
(Nani angeniona?)
Vumbi tupu.

Upande wa kaskazini busati limechanika.
Kwenye picha za setilaiti palikuwa na mstari mweusi,
nami nikadhani kivuli.
Nilikuwa na mwendo, ndio ulioniponza:
mguu ukafunga breki, changarawe hazikufunga,
nikaketi bila kukaribishwa,
visigino vikining'inia
juu ya mitende midogo kama miswaki.

Mimi ninayeota kwa Kiarabu,
ninayegombana na benki kwa Kiingereza,
nikatoa kitu alichokisahau bibi kinywani mwangu:
"Mama wee!"

Na ukuta wa ng'ambo ukanijibu,
bila haraka, kama unaninyooshea kidole:
wee…
      wee…

Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi.

Kisha nikarudi nyuma kwa makalio,
kama mtoto anayejifunza ngazi,
nikaufuata ufa kuelekea ndani
hadi pale panaposhukika.
Saa nzima, kwa sababu ya hatua mbili za hewa.

Chini ya ufa kulikuwa baridi.
Mafiga matatu, meusi.
Na kopo la samli lenye kutu, limefunikwa kwa jiwe.
Kumbe nilikojiona wa kwanza
mtu alishapika, akala, akalala.
Nikafunua. Ndani mlikuwa na chumvi,
kidogo, imeshikana.
Nikachovya kidole.
Nikalifunika tena, jiwe lilelile, upande uleule.

Upande wa mashariki siukumbuki vizuri.
Jua lilikuwa limeshakaza, maji yamebaki funda mbili,
soli ya kiatu cha kushoto ikafungua kinywa
nami nikaifunga kwa kamba ya kofia.
Kipo kipande nilichokitembea. Naungama.

Thuwaini alikuwa macho.
Akanimiminia kahawa, akachukua saa yangu
kuutazama mchoro: duara kama mkate wa kumimina,
upande mmoja umemegwa.
"Umeona nini huko?"
"Chumvi."
Akanitazama. Akaweka kidole pale penye pengo.
"Na hapa?"

Nilitaka kumsimulia.
Kikombe kilikuwa mkononi, gari limesimama,
ardhi iko chini yangu yote,
na goti langu la kulia
ndiyo kwanza likaanza kutetemeka.