Namba Kumi na Nne

Mezani hapajaliwa chakula tangu Novemba.
Tunakula wima, mimi na Gracjan,
sahani mkononi kama waalikwa waliokosa viti,
maana juu ya meza zimelala turubai thelathini,
vikopo mia nne na themanini,
na mizani ya hamira
ambayo siku hizi inapima buluu.

Dirishani, Łódź na theluji yake chafu.
Lile bomba la matofali halitoi moshi tena.
Chini yake mama alifuma vitambaa miaka ishirini na miwili,
akatoka na kikohozi na saa ya ukutani.
Mimi nauza picha ambayo haijawa picha:
mistari myembamba kama nywele za kichanga,
na ndani ya kila kijichumba, namba.
Sita ni paa. Tisa ni kivuli cha paa.
Moja ni anga, na anga ya kwetu ni ya kijivu,
lakini nani atoe pesa kununua kijivu?
Nimemwongezea Mungu buluu kidogo.

"Yaani walipe zloti hamsini na tano,"
Gracjan aliuliza, mkasi mdomoni,
"halafu kazi wafanye wenyewe?"
Watalipa, nikamwambia.
Watu hulipa wapandishwe mlimani
ili wateremke kwa miguu yao.

Turubai kumi na moja. Rangi tisa.
Brashi tatu, zile za bei nafuu zinazonyonyoka,
kwa hiyo nikanunua za bei mbaya.
Boksi. Posta. Kodi.
Kinachosalia nakitia kwenye gudulia la matango
na gudulia bado linanuka siki kuliko pesa.

Januari ikaja kadi kutoka Suwałki,
mwandiko wa mtu aliyefundishwa kwa fimbo:
*Bibi mheshimiwa, kikopo cha kumi na nne hakimo.
Ni mlango. Wako mwaminifu, Zenobiusz.*

Nikapiga magoti, nikahesabu sakafu nzima.
Kilikuwa nyuma ya birika, kimekaa kimya,
nyekundu ile niliyoichanganya siku tatu
hadi ikawa mlango wa ua wa mama yangu,
wenyewe, na mkwaruzo wa baiskeli.
Nikakifunga na barua ya kuomba radhi,
nikatia na brashi ya bure. Mteja ni mteja.

Kilirudi. Hakijafunguliwa.
*Nilishapaka*, aliandika, *kwa maji ya bitiruti.
Rangi kumi na tano ulinichagulia wewe.
Hii moja nimeichagua mimi.
Inageuka kahawia kila wiki
na kila wiki naisogelea kidogo kuitazama.
Brashi nimebaki nayo. Asante.*

Nilimsomea Gracjan. Akacheka, akatafuna, akafikiri.
"Basi tuwe tunakiacha makusudi.
Vikopo thelathini kila mzigo, unajua ni kiasi gani?"
Najua. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kabla yake,
na hilo ndilo lililoniudhi.

Hapana, vikopo vyote vimo. Navihesabu mara mbili,
mara ya pili kwa kidole, kama mama na nyuzi zake.
Ila kwenye mchoro mpya, ule wa masika,
mlango nimeuacha mtupu.
Mistari minne, ndani hamna namba.
Mtengeneza chapa alinipigia simu kunionya kuwa nimesahau.
Nikamwambia chapisha hivyo hivyo,
nikakaa na simu mkononi, tumbo limeniuma,
maana chapa ni mia mbili na hazirudishwi.

Wiki ya kwanza, malalamiko saba.
Mama mmoja wa Radom anataka pesa yake yote,
pamoja na ya posta.
Mwingine ameuliza kwa upole kama nilikuwa mgonjwa.
Na mmoja, asiye na jina wala salamu,
ametuma picha tu:
mlango wake ameupaka weusi wa ndani ya nyumba
na pembeni, kwa mkono unaotetemeka,
ubao mwembamba wa manjano.
Ameufungua.