Saa ya Kocha

Saa ya kocha Eliakunda haijui tarehe.
Jumanne, kona ya tatu, uwanja wa Ushirika,
miguu yangu ikawa magogo mabichi.
"Umelegea, Ndeanasia!"
Sikulegea.
Ilikuwa siku yangu ya pili.

Daktari pale KCMC akasoma karatasi: damu tisa.
Akauliza ninakula nini kabla ya mazoezi.
Chai, nikasema. Chai na nusu andazi,
nibaki mwepesi.

Mama hakuuliza kitu.
Alileta kisusio kutoka Kiborloni,
kile wanachogombania wanaume,
akachemsha mnafu,
akaficha majani ya chai mpaka mchana.

Wiki ya kumi nilipanda hadi Uru bila kusimama.
Kocha akaandika dakika.
Mimi, kwenye daftari langu,
kando ya dakika,
naandika mwezi.