Jina la Ngano kwa Kilatini

Januari, Oulu. Kipimajoto cha dirishani
kimeshuka hadi ishirini na nane chini ya sifuri,
na mikono ya binti yangu imepasuka
kama barafu ya ziwa iliyopitiwa na lori:
kila kifundo cha kidole, ufa mwekundu.

Nimesimama katika duka la dawa la Bi Rautio.
Nimetoka zamu ya usiku, nguo zanuka dizeli
(mimi huendesha mtambo wa kusukuma theluji).
Mkono mmoja losheni, mkono mwingine kioo cha kukuzia
kutoka sanduku la stempu la marehemu baba.

Maandishi ni madogo kama mayai ya chawa.
Hapana neno ngano. Ngano haijiiti ngano humu.
Imevaa koti la kigeni, inajiita Triticum,
na shayiri ni Hordeum, na rai ni Secale,
kama watu waliokuja harusini bila kualikwa
wakajitajia ukoo wa bibi harusi.

Nyumbani tulikwisha fukuza unga.
Kibaniko kilikwenda. Mwiko wa mbao ulikwenda.
Mkate mweusi, ulionikuza,
naula garini saa tisa usiku, kama mzinzi,
kisha nasukutua mdomo kwa theluji.

Na bado Hilla alikuwa akijikunja Jumapili jioni,
magoti kifuani, asitake kuguswa.
Jumapili tu.
Ilinichukua miezi miwili kuiona hiyo "tu".

Jumapili ni siku ya mama yangu.
Tyyne, miaka thelathini na moja kwenye tanuri la mikate,
mikono mipana, yenye joto.
Alichemsha viazi. Aliikagua hata chumvi.
Aliosha sufuria mara mbili, nikimwona.
Kisha akajipaka krimu yake ya kopo la buluu,
akamimina beri za msituni kiganjani,
na mtoto akazila humo humo, kwa midomo,
kama mtoto wa farasi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakusema ki kiganjani mwa bibi.
Mafuta ya kiini cha ngano. Mstari wa tano.

Daktari alikwisha tuambia: ngozi haina meno,
kinachopakwa hakiliwi.
Kweli.
Lakini ngozi ya bibi ina mjukuu.

Bi Rautio anapiga simu kiwandani kwa niaba yangu.
Muziki wa kusubiri, dakika kumi na tisa.
Kisha sauti ya kijana: "Hatuweki ngano, ila hatuwezi kuapa."
Narudisha chupa rafuni.
Nyingine yanukia vizuri mno, naitilia shaka.
Nyingine bei yake ni viatu vya Hilla.
Ya nne haina harufu, haina rangi, haina makuu:
maji, glisarini, mafuta ya alizeti,
na vitu viwili ambavyo Bi Rautio ananitafsiria.
Nanunua mbili.

Sikujua nitamwambiaje mama.
Nilipita mbele ya nyumba yake na mtambo mara tatu,
usiku ule barabara yake ikawa safi kuliko zote mjini.

Mwishowe nilimwambia jikoni, nimesimama, kofia kichwani.
Hakulia. Aliitazama mikono yake, mbele na nyuma,
kama mtu anayetazama barua yake iliyorudishwa.
"Thelathini na moja," akasema. "Unga haukutoka."
Akaingia bafuni. Maji yalitiririka muda mrefu.

Jumapili iliyofuata kopo la buluu lilikuwa dirishani,
limejaa misumari.
Tyyne akanyoosha viganja, vikavu, vyeupe kwenye mistari.
Hilla akafungua chupa mpya, akampaka yeye bibi yake,
kidole kwa kidole, akisoma lebo kwa sauti,
akikwama kwenye glisarini, akirudia.

Beri zilikuwa kwenye bakuli, pembeni.
Mama akazitazama. Kisha akanitazama mimi.
"Nipe hicho kioo," akasema.
"Nisome mwenyewe."