Hodi ya Chungwa

Kanata, Januari. Nje baridi ya kupasua midomo.
Ndani, chumba kisicho na dirisha,
kuta zimevishwa sponji la buluu lenye miiba
linalomeza kila wimbi.
Katikati kimekaa kichwa cha plastiki.
Mimi humwita Shemeji, kwa kuwa hasemi, anakula tu:
tumemjaza maji, sukari na chumvi
kwa vipimo vya nyama ya binadamu.

Kazi yangu ni kumsogezea simu sikioni
na kusoma joto linaloingia.
Si joto la jiko. Ni uvuguvugu wa wimbi,
ambao sheria imeuwekea mpaka hadi desimali,
na mkono wa roboti huutafuta ndani ya uji ule
taratibu, kama mtu apapasaye sarafu chini ya beseni.

Leo ni zamu ya kishikwambi.
Ukingoni mwake kimefichwa kihisi, kipande cha shaba
chembamba kuliko ukucha, kisicho na macho,
kinachojua jambo moja tu: kuna kitu karibu.
Mwili ukisogea, antena inashusha sauti.
Mwili ukiondoka, inapaza tena
mpaka mnara wa ng'ambo ya barabara kuu usikie.

Nilipomwambia Thibodeau, bosi wangu,
kwamba kwetu neno hilohilo moja
hupima umbali na humpokea mgeni,
alicheka, akaandika ubaoni: KARIBU = MILIMITA 15.
Limekaa hapo tangu Novemba.

Hodi, husema kiganja.
Karibu, hujibu kishikwambi, na kunong'ona,
kama nyumba yenye mgonjwa.

Kikilala bapa: kumi na tano. Kinatii.
Nakisimamisha: kumi na nne. Mh.
Nakiinamisha, kona ikitangulia: sita.
Narudia. Sita.
Nabadilisha kebo, nafuta meza, namwomba Mungu. Sita.
Na Ijumaa kinatakiwa kiwandani.
Thibodeau anasugua shingo. "Nani anakishika hivyo?"
Namwonyesha picha: Nyamvula, binti yangu,
usingizi umemchukua katikati ya katuni,
kona imezama kifuani, kwenye nguo ya kulalia.
Hasemi kitu. Anachukua kalamu,
anaandika mwenyewe, kwa herufi ndogo: kimefeli.

Mchana, kwa uchokozi tu,
nikakisogezea chungwa langu.
Kikashusha sauti.
Kikaliheshimu chungwa kama mtu mzima.
Nilitaka kucheka, nikashindwa.
Kinachokitambua ni maji yaliyovikwa ngozi,
na hapo sote tumo: mimi, Shemeji, chungwa.
Heri kukiamkia kisiki
kuliko kumpita mkubwa kimya.
Nikalimenya. Nikala. Vidole vikanuka hadi jioni.

Usiku, chumba changu cha chini ya ardhi,
zege juu, theluji imeziba nusu ya dirisha.
Nampigia mama, Lungalunga. Kwake alfajiri,
nasikia birika, nasikia jogoo.
Simu shavuni. Inanitambua. Inashusha.
"Unakatika!" anapiga kelele mama,
maana yeye akiongea na wa mbali hupaza,
hana kihisi. "Unakatika kama redio ya marehemu babako!"

Nakijua kinachonikata. Nimeshinda nacho kutwa nzima.
Ni adabu ileile: inanihurumia shavu,
inaninyima mama.

Basi naiweka simu juu ya jokofu, karibu na dirisha,
nafungua spika, narudi nyuma
hatua moja, mbili,
ya tatu mgongo unagota mlangoni.
Siioni antena, lakini najua imejaza kifua.

"Mama, wanisikia?"

"Ehe," anasema, na sauti yake imetulia,
"sasa uko karibu."